Zege Apanda Kayaki

Jumapili, 7 Aprili

Leo miezi kumi na minne na siku nne tangu niondoke nyumbani. Mgongo unauma, vidole vimepasuka kwa saruji. Lakini leo nimecheka mpaka mbavu zikashinda mgongo kwa maumivu, kwa hiyo naandika.

Kayaki inaelea!

Ni ile ya plastiki ya manjano aliyoiacha mtaalamu wa udongo alipomaliza mkataba wake. Ilikuwa imetupwa nyuma ya stoo, ina ufa tumboni urefu wa kiganja. Nimeuziba kwa plastiki ya dumu bovu, nikiiyeyusha kwa chuma cha moto kidogo kidogo, Jumapili tatu mfululizo. Redio, tunayelala naye chumba kimoja, alisema nazika pumziko langu kwenye takataka. Tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Leo aliponiona katikati ya maji alinyamaza. Dakika nzima.

Nilikuwa niende peke yangu. Zege hakukubali. Zege ni mbwa wangu, ingawa yeye anaona mimi ndiye wake. Alipokuwa mtoto alitumbukia kwenye zege bichi la msingi, nikamtoa kwa koleo, nikamwosha kwenye pipa. Jina likabaki, na rangi yake ya kijivu nayo ikalikubali. Leo alisimama ufukweni akalia kama mtu aliyefiwa. Nikarudi. Akaingia mwenyewe, akakaa mbele kati ya miguu yangu, pua juu, kama meneja.

Tumepata perege wawili, vidole vyangu ni virefu kuliko wao. Haidhuru.

Jumanne, 9 Aprili

Tangazo ubaoni. Wanyama wote waondoke kambini ifikapo tarehe thelathini. Wakaguzi wanakuja mwanzoni mwa Mei. Atakayebaki na mnyama, mnyama atapanda lori la takataka, na mwenyewe atajieleza ofisini.

Kambi ina mbwa watatu. Wawili wana pa kwenda, kuna mama muuza mboga nje ya geti amesema atawachukua wamlindie shamba. Wa tatu hamtaki — ati anamtazama vibaya. Wa tatu ni Zege.

Nilimfuata Meneja mpaka kwenye gari lake. Nikamwambia huyu haibi, haumi, hata kubweka anabweka kwa sababu. Akanijibu kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionivunja moyo. Alisema amekuja kuinua ukuta wa bwawa mita nne, hakuja kufuga.

Wiki tatu.

Ijumaa, 12 Aprili

Zamu mbili mfululizo. Tumemwaga zege tangu alfajiri. Sina nguvu ya kuandika. Mbwa amelala juu ya buti zangu.

Jumapili, 14 Aprili

Nimefanya ujinga. Nauandika ili nisiurudie.

Sisi tunaofanya kazi juu ya jukwaa tumefundishwa kitu kimoja mpaka tunakiota: kisichofungwa kitaanguka. Nyundo inafungwa. Ndoo inafungwa. Mtu anafungwa. Basi leo asubuhi nikamfunga Zege. Kamba fupi, fundo zuri la kazi, kutoka ukosi wake mpaka pete ya mbele ya kayaki. Nikajisifu.

Tukaenda mbali, karibu na ile miti iliyokufa majini. Maji yametulia kama kioo. Nikasahau jambo moja ambalo hata mtoto wa kambi hii asingelisahau — king'ora cha saa sita. Kinalia kila siku, Jumapili na siku za kazi, kwa sababu jikoni hakuna Jumapili. Na Zege tangu amefumbua macho anajua sauti ile maana yake ni nini. Maana yake ni kukimbia jikoni.

Kikalia. Sauti ilikuja juu ya maji wazi kabisa. Zege akaruka.

Kayaki ikapinduka kabla sijasema neno. Nilipoibuka nikamtafuta, simwoni. Yuko chini ya kayaki, kamba imemzuia asitoke. Fundo zuri la kazi! Fundo langu likiloa halifunguki, ndiyo sifa yake. Nilizama mara mbili. Mara ya pili nikaukata ukosi wenyewe kwa kisu cha samaki, gizani, nikiogopa kumkata koo.

Akatoka. Akakohoa maji. Kisha — sitasahau — akaanza kuogelea kuelekea jikoni.

Fimbo ya kuvulia imezama. Kiatu kimoja kimezama. Mimi nilibaki ufukweni nikimwaga maji ya kayaki.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeulizwa na kila mtu kiatu kiko wapi. Redio amekwisha kutangaza.

Sitamfunga tena. Kamba ni ya vitu. Nimemshonea fulana kutoka ile yangu kuukuu ya kung'aa, nimeweka ndani vipande vya sponji ngumu, na mgongoni nimeshona mpini wa begi. Akianguka namnyanyua kama sanduku. Sakafuni nimegundisha kipande cha mkanda wa mashine ya kokoto, mpira mgumu, kucha zisiteleze.

Limebaki la king'ora.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda kumwangukia Mpishi. Ni mwanamke wa makamo, mkono mzito, ulimi mzito zaidi. Nilimweleza nia yangu. Akaniuliza kama zege limeniingia kichwani.

Nia yenyewe ni hii. Kayaki naiweka kwenye nyasi nyuma ya jiko. Kabla ya saa sita yeye anamwita Zege aingie ndani. King'ora kikilia, anamtupia mfupa humo humo kayakini. Akitoka, hapati. Akibaki, anakula. Mbwa ajue chakula kimehama, hakiko tena jikoni. Kiko botini.

Akasema yeye ana watu mia mbili wa kulisha na mimi namletea wa mia mbili na moja anayetaka kuhudumiwa ndani ya chombo. Nikamwita dada, nikamwita shangazi, nikamwita mama. Kwenye mama akakasirika, akasema hana mtoto mwenye sura hii. Lakini saa sita nilipopita na sahani yangu nilimwona nyuma ya jiko, mwiko mkononi, anamwambia mbwa akae vizuri kama abiria mwenye tiketi.

Ijumaa, 19 Aprili

Siku ya tatu. King'ora kimelia, Zege hakukimbia. Amegeuka nyuma, akafungua mdomo, akangoja. Mpishi amenisimulia huku akijifanya hajali.

Jumapili, 21 Aprili

USHINDI!

Tumekaa majini saa tano nzima. King'ora kimelia tukiwa katikati kabisa. Zege akageuka, akaniangalia mimi. Nikampa mfupa wake. Kayaki haikutikisika hata kikombe kimoja cha maji kuingia. Nilipiga kelele peke yangu pale kama mwendawazimu.

Tena nimejifunza jambo. Ninapopita juu ya visiki vilivyozama, yeye anavijua kabla yangu. Anasimama, masikio mbele, anatazama chini. Nikienda anakotazama, kiko. Na kwenye visiki ndiko kambare wanakolala. Leo wawili, wa kilo mbili mbili.

Sasa Meneja. Yeye naye ni mvuvi — kila Jumapili yuko kwenye boti yake ya injini na fimbo zinazong'aa kama vyombo vya hospitali. Leo amepita karibu, akazima injini. Akamtazama Zege na fulana yake. Nilidhani atacheka. Akauliza hao kambare nimewapata wapi. Nikasema kwenye miti. Akasema kwenye miti boti yake haipiti, panga la injini litavunjika. Nikasema ndiyo, bosi, ndiyo maana wamebaki.

Sijui nilipata wapi ulimi ule.

Akasema maneno haya, nayaandika yalivyo:

"Jumapili ijayo. Saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana. Samaki mmoja mzito. Ukinishinda, mbwa atabaki kambini. Nikikushinda, Jumanne anapanda lori, na sitaki kusikia kilio."

Akaongeza sharti. Mbwa awe ndani ya kayaki muda wote. Akiruka mara moja tu, nimeshindwa. Anajua habari ya kiatu.

Nikakubali. Ningefanyaje?

Jumatano, 24 Aprili

Kambi imegawanyika. Mafundi chuma wako na Meneja, wanasema kambare hamjui mtu maskini. Sisi wa zege tuko na Zege. Redio ameteuliwa shahidi, atakaa kwenye boti ya Meneja na kuangalia kama mbwa ameruka. Meneja atamsikiliza saa sita nzima. Hiyo peke yake ni adhabu ya kutosha.

Nimempigia mke wangu. Nilitaka kumweleza kwa ufupi, nikajikuta nimemaliza salio. Akasema amekwisha kunizoea: mwezi wa kwanza nilikuwa nauliza habari zake, sasa yeye ndiye anayeulizia habari za mke mwenziwe mwenye miguu minne. Binti yetu akachukua simu akataka kujua kama Zege anaogopa maji. Nikasema haogopi. Baba yako ndiye anayeogopa, lakini hilo sikulisema.

Jumapili, 28 Aprili

Nitaandika yote, taratibu.

Tulianza saa moja kamili. Ukuta mzima umejaa watu kama siku ya mpira. Mpishi amenipa kopo la mifupa na vipande vya sabuni ya kufulia. Kambare anapenda sabuni, kila mtu wa hapa anajua. Mpishi alisema labda nao wanataka kujisafisha kabla ya kupikwa.

Saa mbili, hakuna kitu. Saa tatu, hakuna. Saa nne kasoro nikasikia makelele kutoka boti ya injini. Meneja amepata. Redio akanyanyua samaki juu ili nimwone, msaliti yule, akatangaza kilo sita na zaidi kwa sauti ya kufika ng'ambo. Mafundi chuma wakaimba.

Nikamtazama Zege. Anajikuna.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikaingia kwenye miti yenyewe, ndani kabisa, ambako sijawahi kufika, matawi makavu yakinikwaruza masikio. Nikaacha kupiga kasia. Nikamwacha yeye atazame. Akatazama kushoto, nikaenda kushoto. Akasimama, mkia umekakamaa, pua karibu iguse maji. Chini yake weusi mkubwa, shina la mti lililolala. Nikashusha sabuni pembeni yake.

Nikangoja. Nikangoja. Saa tano ikapita. Nikaanza kufikiria lori la takataka, lina rangi gani, linapakia saa ngapi.

Karibu na saa sita mshipi ukaenda. Haukutikisika kwanza, ulikwenda tu, kama mtu ameuchukua na anaondoka nao. Nikavuta. Kayaki ikageuka na kuanza kutembea yenyewe. Sina fimbo, ile ilizama, nina mshipi uliozungushwa kwenye chupa, na mshipi unanikata viganja. Nikaachia, nikavuta, nikaachia. Anatupeleka kati ya visiki, nami nasukuma miti kwa mguu. Wa ukutani wameona kayaki inakwenda bila kasia, wamesimama wote.

Hapo king'ora kikalia.

Zege hakuruka. Alifanya nilivyomfundisha. Aligeuka, akaja kuchukua mfupa wake. Na mimi mikono yote miwili iko kwenye mshipi! Akanikanyaga paja, akaweka miguu kifuani, akanitazama usoni. Kayaki ikainama upande mmoja, maji yakaingia. Nikamwambia kaa. Hakai. Kwa nini akae? Mkataba wake ni king'ora na mfupa. Yeye ametimiza upande wake.

Kopo lilikuwa chini ya kiti. Nikalivuta kwa kisigino, nikalikanyaga mpaka kifuniko kikaruka, mifupa yote ikamwagika sakafuni kati ya magoti yangu. Akajilaza hapo hapo. Kilo ishirini na tano za mbwa, chini, katikati kabisa, zimetulia zinatafuna. Na kayaki ikatulia! Haijawahi kutulia vile. Nikapata mahali pa kuegemea, nikakaza miguu pande zake mbili, nikavuta kama ninavyovuta ndoo ya ghorofa ya nne.

Alipotokea sikuamini. Kichwa kama koleo. Sina wavu. Kumpandisha ni kupinduka. Nikapitisha kamba ya kazi mdomoni, ikatokea kwenye shavu, nikapiga fundo langu lile lile, lile lisilofunguka likiloa, nikamfunga kwenye pete ya mbele. Huyo ndiye wa kufungwa! Mkia wake ulimpiga Zege maji usoni. Zege alinyanyua kichwa, akafikiri, akarudi kwenye mfupa.

Tumerudi tunamvuta ubavuni. Saa saba kasoro dakika kumi.

Mizani ya stoo, ile ya misumari. Wa Meneja, kilo sita na robo. Wangu, kilo kumi na moja na nusu.

Makelele yale siwezi kuyaandika. Watu wa zege walininyanyua, mgongo ukalia, nikawaacha. Redio alikuwa analia kweli, na sauti ilikuwa imemkauka tangu saa nne. Mpishi alimnyanyua Zege kwa mpini wa mgongoni, akamwonyesha watu kama kombe.

Meneja alisimama kando mpaka wakatulia. Nikaogopa. Amri ni yake, angeweza kusema lolote, tungefanya nini? Akamwuliza Redio mbele ya wote kama mbwa aliruka. Redio akajibu, kwa sauti ya chini isiyo yake, "Hakuruka, bosi. Alikula tu."

Meneja akasema neno lake ni neno. Abaki. Kisha akainama, akamkuna Zege sikio moja, haraka, kama mtu anayepima kama zege limekauka.

Leo kambi nzima imekula samaki. Nimekula mkia.

Jumanne, 30 Aprili

Tarehe thelathini. Lori la takataka limepita asubuhi. Zege amelibwekea mpaka likatoka getini.

Ijumaa, 3 Mei

Wakaguzi wamekuja. Zege alikuwa amevaa fulana yake, shingoni kibao cha bati chenye namba kama sisi wote. Mmoja akauliza huyu ni nani. Meneja, uso mkavu, akajibu kuwa ni wa idara ya maji. Mkaguzi akaandika.

Jumapili, 12 Mei

Likizo imetoka! Wiki tatu, kuanzia Alhamisi. Nimesoma jina langu ubaoni mara nne. Miezi kumi na mitano nimeota karatasi hii.

Jioni Meneja akaniita. Akasema mbwa yuko kwenye daftari kwa namba yangu. Nikiwa likizo, namba yangu imefungwa, na yeye mwenyewe anasafiri, atakayeshika nafasi yake hajui habari za kambare. Hawezi kuahidi. Alisema kwa haki, si kwa ubaya.

Mpishi naye anaondoka siku ileile. Redio angemtunza, lakini Redio yuko zamu ya usiku.

Nimekaa na Zege kwenye kayaki, nchi kavu. Nimefikiri kidogo tu. Halikuwa jambo la kufikiri sana.

Jumatatu, 13 Mei

Nimempigia mke wangu, nikamwambia tunakuja wawili. Mama yangu anaishi pale, na mama hataki mbwa hata kwenye picha. Mke wangu akauliza anakula nini. Nikasema anakula saa sita kamili. Akacheka, kile kicheko chake cha kuanzia puani. Akasema basi mke mwenzangu aje, ila yeye atalala nje, na wewe ukimtetea mbele ya mama utalala naye.

Alhamisi, 16 Mei

Naandikia magotini, kituo cha malori.

Saa moja asubuhi lilikuja lori la saruji linalorudi tupu. Dereva alisema mimi nipande mbele, nafasi ipo, mbwa hapana. Nikamwonyesha kibao cha namba. Akasema hata angekuwa na kitambulisho cha taifa. Nikamwambia huyu amekaa kwenye kayaki saa sita na kambare wa kilo kumi na moja na nusu ubavuni, hatashindwa na lori lako. Akanitazama kama ninavyowatazama watu wa aina yangu.

Akawasha injini, akaniuliza mara ya mwisho. Miezi kumi na mitano. Mlango uko wazi, kiti kina mto. Begi langu lilikuwa tayari juu.

Nikalishusha.

Sasa ni saa nne. Lori la pili limekuja, la mbao. Dereva wake ni mama, anakunywa chai na hajasema ndiyo, hajasema hapana. Amemwuliza Zege jina, hakuniuliza mimi. Sasa anazunguka lori, anaangalia pale nyuma penye turubai, anaangalia mbwa, anaangalia turubai. Zege ameketi na fulana yake, pua juu.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia asiningoje kesho asubuhi kama nilivyosema. Kesho jioni. Kama si jioni, Jumamosi kabla ya king'ora — akauliza king'ora gani, huku hakuna king'ora. Nikasema saa sita mchana. Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, tutakuwa mlangoni.